Kadi ya Burgl, Lango la Kumi na Tatu

Mwongozo wa Familia za Timu ya Watoto ulikuwa na kurasa kumi na nane. Burgl Hosp alizisoma zote akiwa amesimama jikoni, mabuti ya zizini bado miguuni, na kila alipofunua ukurasa hasira ilimpanda zaidi. Kila mtoto awe na jozi mbili za ski za mbio, moja ya mazoezi na moja ya siku yenyewe. Makali yapigwe tupa kila jioni, na nta ichaguliwe kulingana na baridi ya theluji. Kuanzia Oktoba, familia impeleke mtoto kwenye barafu ya milele kule juu kila Jumamosi na Jumapili, afike kabla jua halijachomoza. Mzazi asimfuate mtoto pale pa kuanzia mbio. Mzazi asimfundishe mtoto, kocha yupo.

"Asimfundishe!" alimwambia mumewe. Korbinian alikuwa ametoka kuendesha mashine ya kusawazisha theluji usiku kucha, na sasa alikuwa akitafuna mkate macho yakimfumba. "Nani alimsimamisha Rosina juu ya ski? Daktari Lackner?"

"Tia sahihi tu, Burgl. Kila mtu anatia sahihi. Hakuna anayesoma."

"Mimi nimesoma."

"Basi hiyo ndiyo shida yako."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kurasa kumi na nane kumweleza mtu wa Tirol namna ya kumpeleka mtoto thelujini! Zamani mtoto alijiunga na timu kwa kufika. Alifika mlimani na ski zake, akateremka, mzee mmoja akamwambia rudi kesho, basi. Lakini huyo Lackner, daktari wa meno aliyehamia kijijini kutoka mjini, alipochaguliwa mwenyekiti wa klabu aliona kwamba jambo lisiloandikwa halipo. Akaliandika.

Burgl alitia sahihi. Kalamu nusura itoboe karatasi.

Alikuwa na sababu ya kuuchukia ule mstari wa Oktoba kuliko mistari mingine yote. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa kwenye timu. Akiwa na miaka kumi na mitatu hakuna msichana katika bonde lile aliyekuwa akimwacha kwenye malango, ile miti myembamba inayochomekwa thelujini ili mtoto aipinde moja baada ya nyingine, na bado walimtoa. Hawakumtoa kwa kushindwa. Walimtoa kwa sababu vuli ile hakuwahi kufika kwenye barafu hata mara moja. Vuli ndiyo wakati ng'ombe wanateremshwa kutoka malisho ya juu, uzio unang'olewa, nyasi za mwisho zinaingizwa ghalani; baba yake alikuwa na mikono miwili tu na gari moja bovu. "Mwakani," baba alisema. Mwakani haikuja. Burgl akaishia kuendesha lifti ya kuvuta watu kwenye mteremko mdogo nyuma ya kanisa, akiwapachika watoto wa wenzake kwenye kamba kila asubuhi, miaka ishirini na mitatu sasa. Kila mtoto aliyempita akielekea juu, alimpa shikamoo ya harakaharaka, na Burgl aliitikia huku moyo ukimuuma.

Sasa kulikuwa na Rosina. Miaka kumi, mfupi, mbishi, mapaja kama ya mwanakondoo. Ski zake zilinunuliwa kwenye mnada wa klabu wa vitu vilivyotumika, na zilikuwa zimepandwa kwanza na Cosima, binti yake Lackner, kabla hajarefuka. Burgl aliibandua ile karatasi yenye jina la Cosima kwa kisu. Kila jioni alishuka nazo kwenye chumba cha chini, akazipiga tupa, akayeyusha nta kwa pasi ya nguo ya marehemu bibi yake, akasugua mpaka mabega yakalegea. Mwongozo ulisema kuna pasi maalumu ya nta. Mwongozo na ukome.

Mashindano ya wilaya yaliangukia Jumapili ya pili ya Februari, na klabu yao ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Watatu wa kwanza katika wasichana wa rika la Rosina wangeingia timu ya wilaya, na wa nne angekuwa wa akiba. Timu ya wilaya ilikuwa na basi. Basi hilo lilipita kila kijiji Jumamosi na Jumapili za vuli, likawachukua watoto mlangoni na kuwapeleka kwenye barafu, wa akiba pamoja nao. Burgl hakutaka medali wala picha gazetini. Alitaka lile basi lisimame mbele ya zizi lake mwezi wa Oktoba, Rosina apande, ng'ombe wateremke, na pasiwe na mtu wa kumwambia mtoto wake mwakani.

Ukurasa wa kumi na moja ulisema kila familia itoe mtu mmoja wa kulinda malango. Burgl alipewa malango matano, la kumi na moja mpaka la kumi na tano, pale mteremko unapokuwa mkali na theluji imenyunyizwa chumvi ikawa ngumu kama sakafu. Chini yake, malango matano yaliyofuata yalikuwa ya Zita, mke wa mwoka mikate. Kila mmoja alikuwa na kadi na penseli iliyofungwa kwa uzi, maana wino huganda. Mtoto akikosea, mlinzi anaandika namba ya mtoto na namba ya lango, na anachora njia ambayo ski zilipita.

Namba ishirini na moja alikuwa Cosima Lackner. Aliteremka vizuri, haki yake apewe, suti mpya inang'aa, mabega yametulia. Kwenye lango la kumi na tatu, ncha ya ski ya kushoto ikapita upande wa ndani wa mti na ile ya kulia ikapita nje. Wenyewe huita kutunga uzi, na anayetunga hufutwa. Ni jambo la kufumba na kufumbua: mti unalala, unainuka, mtoto anaendelea, na aliye mbali haoni kitu. Burgl alikuwa hatua sita. Akaandika ishirini na moja, akaandika kumi na tatu, akachora mistari miwili na mti katikati yake.

Watoto sita baadaye akaja Rosina, na hapo koo la Burgl likafanya kazi bila kumwomba ruhusa.

"Hopp! Hopp! Hopp! Ziachie, Rosina! Ziachie ziende!"

Kule chini Zita naye akadakia, "Hopp, hopp, hopp!" Kila mtu aliyekuwa kando ya mteremko alipiga kelele, kama wanavyompigia kila mtoto tangu ski zilipokuwa za mbao.

Orodha ya kwanza ilibandikwa kwenye dirisha la kibanda cha kupimia muda. Cosima amefutwa, lango la kumi na tatu. Rosina Hosp wa tatu. Burgl aliisoma mara mbili, na kabla hajamtafuta mtoto wake akaitwa ndani.

Daktari Lackner alikuwa amesimama na mwongozo mkononi. Nyuma ya meza aliketi Vinzenz, mwamuzi mkuu, mpeleka barua mstaafu wa bonde la jirani, mtu asiyependa makuu.

"Sina ugomvi na wewe, Burgl," Lackner alianza.

"Kama huna ugomvi unaniitia nini?"

"Ukurasa wa kumi na mbili. Mlinzi wa malango hatamshangilia mtoto yeyote. Akishangilia, kadi yake haihesabiwi. Ulitia sahihi."

"Binti yako ametunga uzi mbele ya macho yangu!"

"Na wako amekuwa wa tatu kwa kalamu yako. Huoni linavyoonekana?"

"Kwa penseli," Burgl alisema. "Na nimeandika nilichokiona, we mng'oa meno!"

Vinzenz aligonga meza kwa kidole. "Burgl. Ulipiga kelele au hukupiga?"

Angeweza kusema hapana. Kibanda kizima kingekubali, maana nani angeapa nani alipiga na nani hakupiga? Lakini kusema uongo mbele ya Lackner ilikuwa sawa na kumlamba viatu.

"Nilipiga."

Vinzenz akashusha pumzi, akaiweka ile kadi pembeni. Cosima akarudishwa, wa tatu. Rosina akawa wa nne. Lackner alikunja mwongozo wake taratibu, akauingiza mfukoni, akatoka bila kutabasamu, na huko kutokutabasamu ndiko kulikomchoma Burgl zaidi.

Nje, Zita alimngoja akiwa na sura ya msibani. "Pole, shoga. Wamekuonea. Kwani nani hakupiga kelele? Mimi mwenyewe koo linaniwasha mpaka sasa."

Burgl alimgeukia. "Ulipiga?"

"Si ulinisikia? Kwa Rosina, kwa rafiki yake Philomena, kwa wote."

"Na kadi yako imefuta wangapi?"

"Wawili. Wale wa kijiji cha juu waliolipita kando lango la kumi na nane. Walikuwa na mbio hao, masikini. Mbona unanitazama hivyo?"

Hasira hasara, husema watu, na wanaosema hivyo aghalabu wameshakula wakashiba. Burgl aligeuka akarudi kibandani, akausukuma mlango kwa goti.

"Vinzenz! Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Zita naye alishangilia. Muulize, yuko hapo nje, hatakataa. Kadi yake nayo itupeni."

Vinzenz aliinua macho polepole. "Hebu keti kidogo."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Nikiitupa kadi ya Zita, wale wasichana wawili wanarudi, na wote wawili wana muda mzuri kuliko Cosima. Cosima anakuwa wa tano."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Na wako anakuwa wa sita. Sasa hivi ni wa nne, Burgl. Wa nne ni wa akiba. Anapanda basi. Mimi sikusikia kitu hapa. Toka nje, funga mlango, kamchukue mtoto mwende mkale."

Burgl alikuwa ameielewa hesabu kabla mzee hajaimaliza. Tatizo halikuwa hesabu. Dirishani alimwona Lackner akimfunga Cosima kamba ya helmeti, mwongozo umechungulia mfukoni mwake. Aliona kurasa zote kumi na nane zikimcheka. Aliona vuli ile ya miaka thelathini iliyopita na baba yake akisema mwakani.

"Mwite Zita," alisema.

Vinzenz akamwita. Zita hakukataa.

Raha aliyoipata Burgl ilidumu muda wa kuvuka uwanja wa kumalizia mbio. Alimwona Lackner akisoma orodha mpya, akaona rangi ikimtoka usoni, na akatamani kumwambia ukurasa wa kumi na mbili, Daktari, ulitia sahihi. Hakusema, kwa sababu Rosina alikuwa anamjia mbio, viatu vya ski vinagonga theluji, soseji mkononi, haradali shavuni.

"Mama! Kocha kasema wa nne ni wa akiba! Mimi ni wa akiba! Wa akiba anapanda basi, Mama, na Philomena amesema ataniwekea kiti karibu naye!"

Burgl alinyoosha mkono amzuie. Mtoto alikuwa ameshampita, akijipenyeza kati ya watu mpaka dirishani ili alione tena jina lake. Akaweka kidole kwenye kioo. Kidole kilishuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kikasimama, kikashuka tena mpaka wa sita. Watu waliokuwa karibu walijifanya wanatazama mlima.

Rosina aligeuka. Hakuwa analia. "Imebadilika. Nani kaibadilisha?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Yule Lackner, Rosina, alitaka kutudhulu... Nilikasirika. Alinikasirisha yule mtu, mwanangu, wewe hujui."

Mtoto alijifuta haradali shavuni kwa glavu.

"Ulimkasirikia Lackner," alisema. "Kwani mimi naitwa Lackner?"