Miaka Niliyokaa Pembeni ya Sinia

Kabla ya harusi ya mdogo wangu, sikuwahi kuufikiria mwili wangu kama kitu chenye kasoro. Nilikuwa na watoto wawili, wa kike na wa kiume, na cherehani yangu barazani kwetu, Bagamoyo mjini. Nilikula nilichopika, nikishiba naacha. Siku ya harusi hiyo, shangazi yetu aliyetoka Pangani alinishika mkono mbele ya wanawake wote, akanigeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa dukani.

"Wewe ni dada wa bibi harusi au mama yake?" akauliza. "Umenenepa mpaka shingo imekimbia!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana shangazi hajibiwi. Lakini sahani ya pilau niliyokuwa nimeishika niliiweka chini bila kuimaliza, na sikumbuki tena kula kwa amani mpaka miaka mingi ilipokwisha pita.

Wiki hiyohiyo nikaanza dayati. Jirani mmoja alinifundisha: asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana yai la kuchemsha na tango, jioni unalala. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma na mikono ikawa inatetemeka kwenye cherehani, nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja la mteja. Ila nilipungua, tena haraka. Wateja walipokuja kuchukua nguo zao walinitazama kwa macho mengine.

"Mashaallah, umerudi usichana! Tuambie siri."

Sifa zile zilinilevya. Nilijipima kiuno kwa futi ya kushonea kila nilipoamka, kabla hata ya kunawa uso, na namba ndiyo iliyoamua siku yangu ingekuwaje.

Kisha Ramadhani ikaingia, na baada yake Sikukuu, na siku moja nilisimama jikoni peke yangu nikala vitumbua vya kuwatosha watoto wote wawili, nimesimama wima, mlango nimeurudishia. Sikuvionja. Nilivimeza tu kama mtu anayefukuzwa. Kufika Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, mwili wote ulikuwa umerudi, na umerudi na nyongeza. Nikasema sikuwa na nia ya kweli, nikaanza upya kwa nguvu zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na msimu wa supu ya kabichi, nyumba nzima ikinuka. Kulikuwa na msimu wa ndizi tupu. Kulikuwa na unga wa kukoroga ulioletwa kutoka Dar na mwanamke mwenye maneno matamu, ukinywa huli. Kila safari kupungua kulichukua muda mrefu zaidi na kurudi kukawa kwa haraka zaidi. Nywele zangu, ambazo mama yangu alikuwa akizisifu, zilianza kubaki kwenye kitana. Nilikuwa mkali. Watoto walijifunza kunitazama usoni wakitoka shule, wajue kama leo mama anaongeleka.

Sisi nyumbani tulikuwa watu wa sinia. Mume wangu alikuwa akinunua samaki Mlingotini, kule wanakoshushwa wabichi, na mara nyingi alikuja na yule aitwaye changu, kwa sababu alijua ndiye samaki nimpendaye. Nilimpika vizuri, nazi nzito, nikapakua wali katikati ya sinia, nikawatengea. Halafu nikakaa pembeni, kwenye kigoda, na kikombe changu cha maji ya tangawizi.

"Mke wangu, sogea tule," alikuwa akisema.

"Kuleni nyinyi. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Nikanywa tangawizi yangu. Baada ya muda akaacha kuuliza. Baada ya muda mwingine akaacha kuleta changu, akawa ananunua samaki yeyote aliyepatikana.

Siku iliyonisimamisha ilinikuta Chalinze. Nilikuwa nimekwenda kumpa pole kaka yangu aliyefiwa na mkwewe, na nilikuwa katika wiki za kunywa ule unga. Wenyeji walitutengea chakula cha matanga, ubwabwa na maharage, na kwa aibu ya kukataa chakula cha msiba nikala, nikala kwa njaa ya wiki nyingi. Haikupita muda, maumivu yakanishika chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani kama mtu ananikaza kamba. Nilitapika uani. Wifi yangu alidhani nimepatwa na mambo mengine, akawa ananisomea dua za kufukuza mashetani. Nilipopiga kelele ndipo walipotafuta gari.

Hospitali walinipiga picha ya tumbo, wakaona mfuko wa nyongo umejaa vijiwe. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu, amejifunga mtandio vizuri, ananiita mama.

"Shikamoo mama. Nikuulize, huwa unafunga?"

"Marahaba. Nafunga, mwanangu, mimi Muislamu."

Akatabasamu. "Sina maana ya Ramadhani. Nauliza kujinyima kula ili upungue."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo bila kunisifu au kunicheka. Nikamweleza yote, kuanzia ndimu mpaka unga. Aliniacha nimalize.

"Vijiwe vina sababu nyingi," akasema. "Lakini kukaa na njaa muda mrefu na kupungua kwa kasi, tena na tena, ni mojawapo. Na huo mwili unaorudi kila mara, si kwamba huna nia. Ukiunyima chakula unakazana kujiwekea akiba, kwa sababu haujui utaletewa lini kingine."

Niligeukia ukutani nikalia. Nilikuwa nimejiita mlafi, mvivu, mtu asiye na msimamo, kwa miaka yote ile.

Walinifanyia upasuaji. Siku ya kutoka nilimwomba anipangie nile nini, saa ngapi, kiasi gani. Akakataa.

"Umeshapangiwa vya kutosha, mama. Kula chakula cha kwenu. Usiruke mlo. Mboga ziwe nyingi, wali usiujaze sahani, sukari kwenye chai uipunguze kidogo kidogo. Nazi si adui, ila si kila siku. Na tembea."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nilitaka kitu kigumu, kitu cha kushinda. Hili lilionekana kama maneno ya kumwambia mtoto.

Kumbe ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kunywa chai asubuhi na kipande cha muhogo wa kuchemsha na kunde, bila kujiona nimeharibu siku, kulinichukua miezi. Futi nilimkabidhi mwanangu wa kiume, nikamwambia nitaiomba kwake mteja akija kupimwa. Nikawa natembea asubuhi mpaka sokoni, nachagua mwenyewe matembele na bamia. Ila nilikula jikoni kwa sahani yangu, wali bado nikiuogopa; kwenye sinia sikurudi. Kuna siku nilirudia kula nimesimama nyuma ya mlango. Siku hizo sikujiadhibu kesho yake kwa kushinda na njaa, na nadhani hapo ndipo pakawa na mabadiliko, ingawa wakati ule sikuyaona.

Sikuwa mwembamba. Siwezi kumdanganya mtu. Nilipungua kidogo, polepole, kisha mwili ukatulia mahali pake na haujaondoka hapo tangu hapo. Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, siku hizi umejiachia." Lakini mikono haikutetemeka tena, na nilianza kupanda ngazi za kwa mama bila kushika ukuta.

Ningependa kuishia hapo. Ila kuna jambo ambalo daktari hakuweza kulitibu.

Binti yangu aliolewa, akahamia Chalinze na mumewe. Alipojifungua nilikwenda kumlea. Siku ya akika ya mtoto alichinjwa mbuzi, wanawake wa upande wa mume wakapika pilau, wakapakua masinia, wakaanza kutuita tukae. Nilikuwa nimeshakunja miguu na kunawa mkono, njaa ya kawaida inaniuma, na harufu ya pilau ile ilikuwa nzuri. Binti yangu akaita kutoka kitandani:

"Mawifi, mama yangu msimwekee wali, hali. Mleteeni matunda."

"Hali wali?" mkwe mwenzangu akashangaa. "Mtu wa Bagamoyo?"

"Hapendi. Tangu tuko wadogo hapendi, wala samaki wa nazi. Alikuwa anatupikia sisi tu."

Alisema kwa upendo. Alikuwa anajivunia kuwa anamjua mama yake. Wanawake wakaanza kunitafutia papai.

"Napenda wali," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Binti yangu akanitazama, mtoto kifuani.

"Mama! Unapenda?"

"Sana. Na changu wa nazi ndiye ninayempenda kuliko samaki wote."

Akamweka mtoto begani. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa ukali, "Sasa mbona hukuwahi kula na sisi?"

Nilikuwa na majibu mengi, la shangazi, la unga, la kiuno. Hakuna lililofaa kusemwa mbele ya mtoto wa siku saba. Mkwe mwenzangu akanisogezea sinia, nikala. Pilau ilikuwa tamu. Niliwafikiria wale watoto wawili wanaochota wali, wanatoleana miiba, wanacheka na baba yao, na mwanamke kwenye kigoda anayehesabu matonge ya wenzake. Miaka ile ndiyo ambayo watoto hukaa nyumbani. Hairudi.

Sasa tumebaki wawili. Mwanangu wa kiume anafanya kazi Dar, huja mara mojamoja. Napika samaki wa kuchemsha na ndimu, mchicha, ugali kidogo, na Ijumaa wali wa nazi. Natenga sinia, nakwenda kunawa, nikirudi nakuta mume wangu yuko mwishoni. Anakula haraka, ameinama, kama mtu aliye peke yake. Kwa miaka alikuwa hana sababu ya kunisubiri.

Nimemwomba anisubiri. Akasema, "Ah, samahani, nimezoea." Siku mbili tatu anakumbuka, anakaa na mkono ulionawa akiniangalia nikija. Halafu anasahau.