Mrija wa Shangazi Maria

Hadi leo nikipita karibu na boma la Tabora nakaza mwendo macho chini, maana aibu niliyoipata pale enzi za Mwingereza haijanitoka.

Nilikuwa nachemsha asali Isevya, kuitenga na nta, na kila ilipopata moto ile harufu ya maua ya miyombo ilitoka dirishani ikaelea polepole juu ya njia ya zamani ya misafara kama inaelekea Ujiji, nami nasimama tu naisindikiza (mke wangu alidhani nina homa). Ndipo nikabuni sufuria yenye mfuniko na mrija unaopita kwenye maji baridi: mvuke unageuka matone, matone yanarudi kwenye asali, harufu haipotei. Nikaomba hati ya uvumbuzi, mtu asiniige.

Hamisi, muuza asali mwenzangu, akapinga: hapana jipya, yeyote angeweza kulifikiria. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatuita bomani, nilete na mtambo.

Sasa asubuhi hiyo mrija wangu ukapasuka, nikakimbilia kwa shangazi Maria, mama wa kanisa kabisa, aliyekuwa na mrija wa shaba jikoni (wa nini, sikuwaza). Alikuwa kisimani. Nikauchukua hivyo hivyo, bila kuuosha.

Bomani watu wamejaa. Nikawasha jiko, nikauliza kwa maringo, "Ndugu zangu, nani amewahi kuona kitu kama hiki?"

Wazee wakatazama dari (kumbe kukiri ni kujifunga), nami nikafumba macho, nikaona mapipa ya asali yangu yakipakiwa treni pale Igalula, kituo kizima kinanukia maua.

Matone yakaanza kudondoka. Bwana Shauri akainama, akanusa, akarudi nyuma.

"Hii asali, au pombe ya moshi?"

Sijajibu, shangazi aliyenifuata mbio akalia kutoka mlangoni, "Mwanangu, si ungeniambia nikuoshee!"

Walicheka hadi askari. Hamisi akasema taratibu, "Bwana, si nilisema? Wenzake walishalifikiria."

Hati sikupata. Mrija ukachukuliwa, shangazi akawekwa ndani hadi jioni, mimi nimekaa nje naona haya hata kuinua uso. Alipotoka nikapiga magoti, "Shangazi, nisamehe." Tukatembea, na karibu na kwake akauliza, "Lakini asali yenyewe, ilinukia?"

"Kidogo, shangazi."

Akacheka peke yake. Mimi tangu siku hiyo siazimi kitu jikoni kwa mtu kabla sijamuuliza anakipikia nini.