Siku Nilipokwama Ndani ya Tangi la Chuo

Haya, chekeni basi mmalize, maana najua ndicho kilichowaleta. Ndiyo, ni mimi. Yule mtu aliyekutwa ndani ya tangi la maji la chuo mbele ya Bwana DC, mbele ya walimu na wanafunzi wote na mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa, akiwa hana hata uzi mwilini, ni mimi Athumani mnayemwona hapa anakunywa chai yenu. Aibu niliipata, sikatai, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipita sokoni Korogwe nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Lakini nawaambia mapema kabisa kwamba sijamwomba mtu radhi mpaka leo, wala sitaomba, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Wakati huo Waingereza bado wako, nami nilikuwa mtunza majengo wa chuo cha ualimu kilichokuwa juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi. Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani Ngombezi kwenye mashine za katani, na huko ndiko nilikojifunza kushika spana. Pale chuoni bawaba za milango zilikuwa zangu, vioo vyangu, paa langu, vyoo vyangu (msicheke, choo nacho kinataka mtu wa kukipenda), na juu ya yote hayo maji yalikuwa yangu. Injini ya kuvuta maji kutoka mtoni ilikuwa mgonjwa wa kudumu, leo inapona kesho inalala, na ikilala wanafunzi wanashuka bondeni na madebe kichwani, watu wazima wenye ndevu, na masomo yanasimama. Ndipo likajengwa tangi la saruji pembeni mwa ukumbi wa chakula, la pembe nne, urefu wake karibu watu wawili, likikusanya maji ya mvua kutoka kwenye paa. Masika ya kwanza tu likapita nusu.

Mkuu wa chuo, Mzungu mwembamba aliyependa kila kitu kiwe cheupe, akaniita ofisini akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Athumani, tangi kauka kabla ya vuli, wanafunzi kwenda nyumbani. Na wewe kwenda nyumbani."

Sasa mimi kwenda nyumbani Kwaluguru si jambo baya, ni kwetu, mashamba yapo na mizinga ya nyuki ipo, ila nilikuwa nimeposa. Nilikuwa nimemposa Zaina wa Chanika, na mama yake, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, alikuwa amekubali kwa shingo upande, kwa sababu moja tu, kwamba kijana ana kazi ya chuo na chumba cha matofali. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka, na Zaina naye anarudi kuposwa na yule mwenye duka aliyemtaka kabla yangu. Kwa hiyo kila tone lililokuwa linadondoka pale chuoni mimi nilikuwa naliona kama linamdondosha mchumba wangu.

Nikawa mkali. Kila mwanafunzi debe moja la kuoga, maji ya kufulia yanakwenda kwenye migomba, maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwa kuku. Bomba likivuja nalifungua, nakata mpira wa ndala kuukuu, natia, nafunga. Wanafunzi wakanipa jina, Bwana Tone, na nilikuwa nikipita wananidondoshea mate chini, to, to, to, halafu wanajifanya wanasoma. Sikujali.

Basi ikaja habari kwamba Bwana DC anakuja kulifungua tangi rasmi. Atafungua bomba la chini, atajaza glasi, atakunywa glasi ya kwanza mbele za watu, watu watapiga makofi. Wageni wakaalikwa kutoka Korogwe na Handeni, na akina mama wa kupika pilau wakaletwa, na katika hao akina mama, nani yumo? Mama Zaina. Alisema amekuja kupika, lakini mimi nilijua amekuja kukikagua chumba.

Siku mbili kabla, nikaona ukuta wa tangi kwenye pembe ya chini umelowa. Nikapapasa, nikaweka sikio, nikajua ni ufa, na kwamba kwa ndani unazidi kufunguka. Nikamwendea Mkuu mbio. Akaja, akatazama, akakunja uso, akasema fundi wa Tanga ataitwa baada ya sherehe. Nikamwambia mpaka fundi apate nafasi maji yatakuwa yamekwisha. Akasema sherehe kwanza. Halafu (na hapa ndipo roho yangu ilipochafuka) akaamuru pale palipolowa papakwe chokaa. Chokaa! Tangi linalia, wewe unalipaka poda!

Nilipaka, maana niliamriwa, lakini nilipaka huku nikinung'unika.

Asubuhi ya sherehe nikaamka na uamuzi. Nilikuwa na donge la nta kutoka mizinga yetu ya Kwaluguru, na nyuzi za katani za Ngombezi nilizokuwa nazo siku zote. Ukiipasha nta ikalainika, ukaikanda na katani, ukaisukuma ndani ya ufa kwa kisu butu, inashika hata ndani ya maji, na maji yenyewe yakiisukuma inazidi kukaa. Lakini kazi hiyo inafanywa kwa ndani. Nikasema wakati watu wanakunywa uji mimi naingia, naziba, natoka, hajui mtu.

Sasa lile lililonitia aibuni ni hili. Kwetu Kwaluguru tunakunywa maji ya visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, na kila kiangazi mtu mmoja anashuka kukisafisha kisima. Huyo anaoga kwanza pembeni, anajisugua mpaka visigino, halafu anashuka kama alivyozaliwa, na wanawake wanakaa mbali mpaka apige mbinja. Hashuki na nguo hata kidogo, kwa sababu nguo ina jasho, ina ugoro, ina mavumbi ya njia nzima. Kuingia na suruali kwenye maji ya kunywa ya watu ni ushenzi, na mtoto wa kwetu angechapwa. Basi mimi nikafanya kama nilivyolelewa. Nikaoga nyuma ya tangi kwa sabuni na debe langu moja (moja, sikuzidisha), nikaegesha ngazi, nikapanda nikiwa nimejifunga nguo, juu kabisa nikavua, nikazitundika kwenye ngazi, nikafunga kamba kwenye kipandio chake cha juu, nikafunua mfuniko, nikateremka na nta yangu.

Maji yalinifika kifuani, ya baridi, matamu. Ufa nikauona kwa vidole. Nikawa nazama, nasukuma nta, naibuka, napumua, nazama tena, na kusema kweli nilikuwa na furaha, kwa sababu nilisikia kwa ncha za vidole ufa unafunga mdomo.

Mara ya mwisho nilipoibuka, kamba ilikuwa inaelea kichwani pangu.

Ngazi ilikuwa imeondoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba wanafunzi wawili waliagizwa ngazi ya kutundikia bendera ya Malkia kwenye ukumbi, wakaiona hiyo, wakaifungua kamba wakaiacha ianguke, na nguo zangu za kazi wakazipeleka kwa dobi wakidhani ni nguo chafu zilizosahaulika, zitaharibu sherehe. Ningepiga kelele saa ile ile yangeishia hapo. Lakini nilipofungua mdomo nikasikia viti vinaburutwa chini ya tangi, na sauti ya Mkuu, na sauti za akina mama, na katikati ya sauti hizo ile ninayoijua inauliza chumvi iko wapi. Nikafunga mdomo. Nikajisemea, Athumani, nyamaza, wafungue tangi lao, wale pilau lao, waende, halafu umwite Mwalimu Semboja. (Mwalimu Semboja alikuwa Msambaa mmoja wa masihara, mkalimani wa siku hiyo na rafiki yangu wa karibu.) Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza.

Wageni wakafika, zikapigwa salamu, shikamoo na marahaba zisizo na mwisho, nyimbo zikaimbwa, na hotuba zikaanza. Mimi natetemeka, vidole vimekunjamana. Mkuu akahutubia kuhusu tangi, Mwalimu Semboja akitafsiri, kwamba tangi hili ni imara, ni safi, halijaguswa na mkono wa mtu. Halijaguswa na mkono wa mtu! Na mimi nimesimama humo na mwili mzima.

Kisha nikasikia bomba linafunguliwa na maji yanaingia kwenye glasi. Hapo, jamani, nikapigana na nafsi yangu. Nikinyamaza, kazi yangu inasalimika na Zaina nampata. Lakini ni mgeni, anakunywa maji yenye mtu ndani yake, hajui. Hata kama mtu mwenyewe kaoga. Nikashindwa.

"Msinywe!" nikapiga kelele.

Nyie hamjawahi kupiga kelele ndani ya tangi la saruji. Haikutoka sauti ya Athumani, ilitoka sauti ya ajabu, nene, kama ardhi ndiyo inayosema. Nje viti vikaanguka, watu wakakimbia, mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti, na mama mmoja akapaza, "Ni mzimu! Walijenga juu ya makaburi, niliwaambia!"

"Si mzimu!" nikajibu. "Ni mimi, Athumani, mtunza majengo!"

Ngazi ikarudishwa. Kichwa cha Mwalimu Semboja kikatokea kwenye mdomo wa tangi.

"Athumani? Unafanya nini humo?"

"Naziba ufa."

"Mbona..." akatazama vizuri. "Athumani, uko uchi?"

"Shusha sauti!"

Nilidhani namnong'oneza. Tangi likaichukua "shusha sauti" likaisambaza mpaka jikoni, na wanafunzi wangu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Nikamsikia Mkuu kule chini anafoka, "Huyu mtu anaoga ndani ya maji ya chuo! Fukuza! Mwaga maji yote!"

Mwaga maji yote. Hayo maneno matatu ndiyo yaliyoniondoa aibu. Labda ni kwa sababu nilikuwa sioni nyuso za watu, sijui, lakini nilisema pale kama sijawahi kusema mbele ya Mzungu. Nikasema, "Mwalimu Semboja, tafsiri, usiruke neno. Mwambie Bwana DC mimi nilioga kabla ya kuingia, na sikuingia na nguo kwa sababu ya heshima. Mwambie tangi hili lina ufa, na ufa umepakwa chokaa ili yeye asiuone. Aguse pembe ya kulia, chini."

Semboja alinisimulia baadaye kwamba Bwana DC aliinama, akagusa, chokaa ikabaki kidoleni, na saruji iliyo nyuma yake imelowa. Akamtazama Mkuu, na Mkuu akatazama bendera.

"Toka," Semboja akaniambia, "Bwana DC anataka kukuona."

"Kunionaje? Nguo ziko wapi?"

Zilikuwa kwa dobi, zimekwisha loweshwa. Ndipo nikasikia chini sauti ya maneno machache. "Mpe hii." Na kanga ikapanda ngazi mkono kwa mkono mpaka kwangu, ya bluu, inanuka vitunguu na iliki. Kanga ya Mama Zaina. Mkwe! Mtu ambaye kwa desturi hata mkono siwezi kumpa, leo nguo yake iko kiunoni pangu. Nikamrushia Semboja kamba akaifunga, nikapanda, nikashuka ngazi hivyo, mbele ya watu wote, maji yananidondoka, na wanafunzi wakaanza, to, to, to, hadi Mwalimu Semboja mwenyewe akageuka ukutani mabega yanamtikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini Mkuu alikuwa tayari ameshika bomba ili ayamwage. Nikasimama kati yake na bomba, na kanga yangu. Nikasema, "Hayamwagwi." Nikaichukua ile glasi mezani, nikainywa yote, nikaijaza tena nikaiweka. Hakuna aliyesogea. Kisha Mama Zaina akatoka kwenye akina mama, mwiko wa pilau bado mkononi, akaichukua glasi, akainywa taratibu mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo.

"Yana baridi nzuri," akasema, akarudi jikoni.

Bwana DC hakunywa, nisimsingizie. Alicheka kidogo, akasema maji yasimwagwe, yachemshwe. Mkuu akaniambia kazi yangu itakwisha siku fundi wa Tanga akifika. Fundi akaja kweli, vuli ikiwa imekwisha kuanza na tangi bado lina maji, akaingia, akapapasa nta yangu, akatoka, akamwambia Mkuu, "Hapa aliyefanya anajua kazi. Mimi sipagusi." Barua ya kunifukuza haikuandikwa. Nami nikabaki pale mpaka bendera ile ikashushwa, ikapandishwa nyingine.

Nimeapa mambo mawili. Ngazi naifunga kwa mnyororo na ufunguo naingia nao, na nikikwama napiga kelele saa ile ile, hata kama chini wapo wakwe saba. Lakini kuingia na nguo zangu za kazi kwenye maji ya watu, hapana, hilo msinidai.

Kanga niliifua, nikaikunja, nikampelekea Mama Zaina Chanika siku ya kwenda kupanga harusi, macho yangu chini. Akaitazama, akanirudishia.

"Kaa nayo, mwanangu," akasema. "Lile tangi bado lina pembe tatu."