Dumu la Mama Mbele ya Kamati

Mama alishushwa kwenye basi akitoka Majimoto, alikokwenda kumwona dada yangu aliyejifungua. Askari wa uhamiaji alisikia lafudhi yake ya Kirundi akamtaka atoe karatasi za uraia. Cheti chake cha uraia kilikuwa nyumbani, chini kabisa ndani ya sanduku, kwa sababu sisi watu wa makazi ya zamani ya wakimbizi cheti tunakificha kisipotee, hatukitembezi. Alilala mahabusu siku sita, sakafuni, amevuliwa viatu, akiitwa mkimbizi na askari huyo, kijana wa umri wa mwanawe. Walimwachia nilipopeleka cheti. Hakuna aliyesema pole.

Hasira hasara, najua, lakini mimi ndivyo nilivyo. Nilimtafuta msaidizi wa kisheria pale Misunkumilo, tukaandika madai: fidia, na barua ya kumwomba mama radhi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nasi tukainama miezi mingi, mpaka kamati ya malalamiko ikatuita mjini Mpanda, sisi na yule askari.

Asubuhi hiyo mama alipanda bodaboda amepakata dumu la njano la lita tano. Nilidhani ni maji. Tulipoingia akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti, akafungua kifuniko. Chumba kizima kikanuka pombe ya ndizi.

"Mama, hii ni rushwa," mwenyekiti alisema.

"Rushwa gani, baba? Mtu anayeshtaki haji mikono mitupu. Nyie wazee mtakunywa, na huyu naye atakunywa." Alimwonyesha yule askari kwa kidevu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaeleza kwamba kwetu mlalamikaji ndiye anayewaletea wazee pombe, na mkosaji akishakiri, hunywa pamoja na aliyemkosea, kesi ikaisha. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, kisha akaagiza dumu litolewe nje na jambo hilo liandikwe kwenye jalada. Askari alipoulizwa, akasema hamkumbuki huyu mama.

Tulikaa kwenye benchi nje kusubiri bodaboda. Yule askari akatoka, akatazama nyuma mlangoni, akachuchumaa mbele ya mama.

"Viatu nilikuvua mimi, mama. Mle ndani ningesema ningepoteza kazi. Nisamehe."

Mama alilivuta dumu lililokuwa kando ya benchi. Akamimina pombe kwenye kikombe cha plastiki alichokuja nacho, akanywa yeye kwanza, kisha akampa. Askari akanywa yote. Mama akaninyooshea na mimi kikombe, nikakataa.

Baada ya wiki chache barua ikaja: madai yametupwa kwa kukosa ushahidi, tunaweza kukata rufaa. Mjinga mimi, nilifurahi, maana sasa nilikuwa nimemsikia askari kwa masikio yangu. Nikampelekea mama fomu na kidau cha wino aweke dole gumba.

"Siweki," alisema. "Nimeshakunywa naye, mwanangu. Nikimshtaki tena, mkosaji ni mimi."

Nilimbembeleza, nikafoka, nikamwambia siku sita za sakafuni haziwezi kulipwa kwa kikombe kimoja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, huku anachambua mchele. Siku hizi analala vizuri. Mimi sikunywa, ndiyo maana hasira yangu haijaisha.