Balozi Aliyefunua Masufuria ya Watu

Baba yangu alikuwa na aibu iliyopitiliza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya, Mlutheri, balozi wa nyumba kumi pale kwetu Ilemela, na bado alipiga hodi mara tatu hata kwa dada yake wa damu. Kwa hiyo siku alipoingia kwa jirani bila hodi, akafunua sufuria, akamaliza sato na ugali wote, akanawa na kwenda zake, jirani mwenyewe alikuja kwetu akicheka mpaka machozi. Alidhani ni utani.

Kesho yake aliingia nyumba nyingine. Mwezi haujaisha alikuwa amekula nyumba saba.

Siku hizi najua. Kuna ugonjwa wa nadra unaoharibu ubongo upande wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso. Unaondoka na aibu, unaondoka na huruma, lakini kumbukumbu mwanzoni hauigusi. Baba aliwakumbuka wanafunzi wake wote, pamoja na makosa yao ya hesabu. Sasa nani angekubali kwamba mtu huyo anaumwa?

Katibu wa tawi la chama hakukubali. Ilikuwa enzi ya Ujamaa, na habari za masufuria zilipomfikia alipanda juu ya kiti mkutanoni. "Huyu ndiye mjamaa wa kweli! Hana changu wala chako!" Basi ikawa sifa. Watu wakaanza kumwachia milango wazi. Mama wa nyumba ya tisa alikuja kwetu amenuna: "Mama Mwalimu, kwangu kuna nini? Balozi hajaonja chungu changu hata siku moja!" Jamani! Kanisani baba alisimama katikati ya mahubiri akasema, "Mchungaji, inatosha, tuna njaa," na waumini wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama alitaka jambo moja tu, baba apelekwe hospitali. Baba alisema yeye ni mzima, na mtu pekee aliyeweza kumwamuru ni katibu. Mama akaenda ofisini mara nne.

"Ndugu katibu, mume wangu anaumwa. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Shemeji, acha ubinafsi," katibu akamjibu. "Unataka ale kwako peke yako?"

Nilimchukia yule katibu. Nasema wazi, nilimchukia.

Halafu akaitisha mkutano ili baba aonyeshwe kwa wageni kutoka Buhongwa, wajifunze. Mezani pakawekwa sinia la maandazi, sisi tukakaa chini kwenye majamvi. Katibu alikuwa bado anausifu moyo wa baba pale mama, aliyekaa mbele, alipolala chali ghafla katikati ya njia ya kwenda mezani, macho ameyafumba.

"Amezimia!" watu wakapiga kelele.

Baba akainuka. Kwetu kumruka mtu aliyelala ni tusi kubwa. Baba mwenyewe alituchapa kwa kuruka mguu wa mtoto mchanga. Alifika alipolala mama, akamtazama vizuri, akamruka kama anayeruka mfereji. Akachukua maandazi mawili, akaanza kula.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Katibu alikaa chini. "Kesho asubuhi nitampeleka hospitali mwenyewe," akasema.

Nilikimbia kumkung'uta mama vumbi, na furaha ilinijaa, maana nilishaelewa kwamba hakuzimia hata kidogo. Nikamnong'oneza, "Mama, umewaweza!"

Hakucheka. Alikuwa anamtazama baba akilamba vidole.

"Upande wa miguuni nilimwachia nafasi," akasema. "Nilikunja magoti ili aweze kuzunguka."