Mguu Chini ya Blanketi

Dresa, yaani mfunga vidonda, wa shamba la ngano kule Njoro aliitwa Khisa, lakini nani alimwita hivyo? Kambi nzima ilimjua kama Toa Mguu. Mwaka ule wa hamsini na saba, kila Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake na kaptura ya kaki, na kabla hujamaliza kumjulia hali, ameshakwambia, "Toa mguu!" Akatafuta funza, mikwaruzo, nyufa za kisigino. Watu walimcheka, lakini miguu waliitoa.

Isipokuwa Khalayi. Yeye akisikia tu sauti ile, huyo ndani, mlango pu! Usimlaumu. Khisa alimwoa binti yake, Naliaka, na kwao Wabukusu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, seuze kushikana miguu! Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Basi mtu wa pekee ambaye dresa hakumkagua ndiye aliyemhitaji kuliko wote.

Khalayi alikuwa na kiu isiyokatika, na nguo zilianza kumpwaya. Alisema ni uzee. Siku moja Khisa, akikagua vyoo vya kambi, aliona sisimizi wamejipanga mstari nyuma ya nyumba ya Khalayi, pale mama huyo alipozoea kukojoa. Akampa Naliaka chupa, amletee mkojo wa mama, ila asiseme ni nani anayeutaka. Jamani, ungemwambiaje mzazi wako? Naliaka alisema ni serikali inautaka. Khisa akauchemsha na dawa yake ya buluu, nayo ikageuka rangi ya tofali. Ilikuwa sukari.

Daktari wa Nakuru alimpa Khalayi dawa, akampunguzia ugali, akamkataza sukari kwenye chai. Tena akamwonya: achunge miguu, kwani kidonda cha mwenye ugonjwa huu mara nyingi hakiumi, kinaoza kimya kimya, na mwisho mguu unakatwa. Khalayi alisikia yale ya chai tu. Alilalamika mwezi mzima.

Wakati wa mavuno bua la ngano likamchoma wayo. Halikuuma, akamshukuru Mungu. Wiki moja baadaye Naliaka alisikia harufu, akamkimbilia mumewe.

Khisa alikuja akasimama nje ya mlango. "Mama, toa mguu."

"Ng'o! Nife na heshima yangu."

"Ukifa, mimi nitakimbiwa na nani?"

Khisa akamwomba Naliaka atundike blanketi mlangoni. "Mama, kaa huko huko. Sitakuona. Nitaona mguu tu. Wewe ndiye uliyeniozesha binti. Mguu haukuoza mtu, basi tusiuache uoze!"

Khalayi hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. Mguu ukatokea chini ya blanketi, polepole, kwa aibu.

Khisa alipouona, mzaha ulimwisha. "Weusi huu ukifika vidoleni, nitakupeleka Nakuru wakaukate mguu," alisema. "Kwa hiyo usinifiche tena, Mama. Nakuomba."

Wiki sita, asubuhi na jioni, alipiga magoti pale nje. Aliukata uozo, akausafisha mguu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaufunga. Khalayi hakuwahi kuuona uso wake. Alijua mikono yake tu, nayo aliiombea kwa Mungu kila siku. Aliona haya jinsi alivyomfungia mlango mtu huyu miaka yote, na alimpenda kama mtoto wa tumbo lake, ingawa hakujua pa kuliweka neno kama hilo.

Weusi haukufika vidoleni. Jumamosi zilizofuata, dresa akiwa bado mbali, Khalayi ndiye aliyewafokea wanawake wa kambi: "Haya, toeni miguu! Mnangoja mnuke kama mimi?" Kisha yeye mwenyewe anakimbilia nyuma ya blanketi lake na kuutoa wake.

Siku moja alichukua jogoo, akatembea mpaka kwa mkwe wake, akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni asionekane. Akabisha hodi.

"Nani?" Khisa akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, baba. Nimeleta jogoo."

Khalayi alikuwa hajawahi kuanza yeye kumsemesha mkwe wake. Khisa akageuzia mlango mgongo, kwa heshima.

"Umeletwa na nani, Mama?"

"Na miguu yangu."

"Mingapi?" dresa akauliza.

"Yote miwili, baba," Khalayi akasema. "Yote miwili."