Walidhani Nina Mimba

Nilivuta sigara kwa siri miaka kumi na tisa. Nilianza nikiwa mhudumu wa baa mjini Arusha, na nilipoolewa huku Maji ya Chai nilikuja na tabia yangu kimyakimya. Nilikuwa navuta kwenye migomba, asubuhi nikienda kumkatia ng'ombe majani, na jioni nikitoka kazini kwenye shamba la maua, Usa River. Nikimaliza natafuna karafuu na kunawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Mume wangu alijua. Yeye ni dereva wa lori la mboga, siku nyingi yuko safarini, na hakuwahi kulizungumzia. Mama yake, ambaye tunaishi naye boma moja, niliamini hajui.

Niliacha kwa sababu ya kikohozi, lakini pia nilikuwa nimechoka kujificha. Mtu mzima, mwanakwaya, bado nanusa nguo zangu kabla ya kuingia ndani.

Wiki za kwanza mdomo ulitaka kitu muda wote, nami nikaupa. Chai ya saa nne niliyozoea kunywa na andazi moja, sasa maandazi matatu. Karanga mfukoni. Usiku ugali nakwangua mpaka ukoko. Mwezi wa nne tangu niache, sketi ya kazini haikufunga tena, nikawa naishikiza kwa pini. Wenzangu wakaniambia nimenawiri, mume ananitunza. Nilitabasamu tu. Ningewaelezaje kwamba nimeacha kitu ambacho hawakujua ninacho?

Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa tunamenya ndizi na mama mkwe. Akaniuliza bila kuinua macho, “Mwanangu, ni miezi mingapi sasa?”

“Miezi ya nini, mama?”

“Usinifiche. Naona tumbo.”

“Mama, nina miaka arobaini na sita.”

“Na Sara wa kwenye Biblia alikuwa na mingapi?”

Nilimwambia sina mimba. Akaendelea kumenya, nikaona hajaniamini.

Wiki hiyo niliamua kujinyima. Asubuhi chai kavu, kisha sili kitu mpaka jioni. Siku ya nne nilitoka kazini kichwa kinazunguka, nikapita kibandani nikanunua sigara moja, nikaivuta pale pale nimesimama. Sikulia wala sikujikasirikia. Nilijisikia mzito tu, kama niliyebeba mzigo siku nzima halafu nikaambiwa niurudishe nilikoutoa.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Nesi alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mama, ukijinyima chakula, sigara itakurudia. Maliza kwanza hili la sigara. Kula milo yako kwa wakati. Mdomo ukikusumbua katikati, kunywa maji, tafuna karoti au tunda. Na utembee kila siku. Kilo tutazishughulikia polepole.”

Jioni ile nilimweleza mama mkwe yote. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa, maana mbele yake mimi ni mke wa mwanawe, lazima nioneshe heshima. Alinyoosha mkono kwenye pindo la kanga, akatoa kikopo chake cha ugoro, akanusa kidogo.

“Nilijua tangu mwaka uliokuja hapa,” akasema. “Ulikuwa ukirudi na majani, yananuka moshi.”

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Ningekuambia nini, na mimi nina hiki?”

Tangu siku hiyo amekuwa akiniwekea karoti zilizomenywa kwenye bakuli, na ugali ukibaki anauondoa mbele yangu. Waumini wenzetu kanisani wakimuuliza habari ya mimba anawajibu kwamba mkwewe anaumwa njaa tu. Sikumkataza.

Sasa ni mwaka na nusu sijavuta. Kilo chache zimepungua, nyingi bado ninazo. Nikitoka kazini nashuka kituo kimoja kabla ya changu, natembea kilichobaki, miguu inauma kwa sababu siku nzima nimesimama kwenye meza ya maua. Wengine wanasema ukiacha unapata nguvu mpya. Mimi sijaziona bado. Nimeacha kukohoa, na hilo linanitosha. Kuna jioni hamu inanijia nikiwa nawasha moto, nakaa kwenye kigoda nasubiri ipite. Huwa inachukua muda. Ikipita, nainuka nabandika sufuria.